Kocha Bora wa NBA: Tuzo Inayotangulia Barua ya Kufukuzwa

Leo tuweke kando habari za nani kahamia wapi na nani katinga uwanjani na viatu vya bei gani. Tuongelee ubishi ambao kila ikifika Aprili unaibuka upya na haujawahi kuisha: kwenye NBA, nani anastahili kuitwa Kocha Bora wa Mwaka?

Ubishi wa mchezaji bora una afadhali. Unataja pointi zake, asisti zake, ribaundi zake, mnazozana kidogo, yanaisha. Kocha je? Kocha hafungi. Yupo pale pembeni kakunja mikono, anamfokea refa, anachora chora kwenye kibao, basi. Sisi wengine ambao mechi inaanza saa nane na nusu usiku kwa saa zetu tunamwona pale kamera inapomgeukia timu ikiwa imechapwa. Sasa mtu kama huyo unampimaje?

Mimi zamani nilikuwa naona jibu ni jepesi: aliyeshinda mechi nyingi ndiye kocha bora, tusisumbuane. Halafu nikakaa nikaanza kupitia historia ya hii tuzo tangu ilipoanzishwa. Jamani, humo ndani kuna mambo. Tiririka nami.

Bosi alishamfukuza, tuzo ikaja

Tuanze na mwaka 2018, Toronto Raptors chini ya Dwane Casey. Msimu ule waliondoka na ushindi 59 na vipigo 23, rekodi ya klabu yao kwa wakati ule, na wakamaliza namba moja Kanda ya Mashariki. Mji mzima unaamini mwaka ndio huu.

Kikaja kipindi cha mtoano. Raundi ya pili wakakutana na Cleveland ya LeBron James, timu ambayo ilikuwa imewatoa mwaka 2016 na ikawatoa tena 2017. Unajua kilichotokea? 4-0. Hata mechi moja hawakuambulia. Mechi ya tatu LeBron aliimaliza kwa shuti la sekunde ya mwisho, anakimbia, mkono mmoja, mpira unagonga ubao unaingia. Watu wakaanza kuuita mji wa Toronto kwa jina la LeBron.

Mei 9 mwaka huo, makocha wenzake wa NBA walimchagua Casey kuwa kocha bora kwenye tuzo ya chama chao. Mei 11, siku mbili baadaye, kibarua kikaota nyasi. Aliyetia saini ni bosi wa Raptors wakati ule, Masai Ujiri, Mnigeria ambaye mama yake ni Mkenya, kwa hiyo kwa Afrika Mashariki huyu ni kama mjomba.

Ngoja, bado. Juni 25 zikatolewa tuzo za NBA zenyewe. Kocha Bora wa Mwaka? Dwane Casey, kwa kazi aliyoifanya Toronto. Na wakati jina lake linatajwa, tayari alikuwa ameshaajiriwa na Detroit Pistons! Yaani kapewa tuzo kwa kazi ambayo mwajiri aliyempa kazi hiyo kaona haitoshi.

Msimu uliofuata aliyekuwa msaidizi wake, Nick Nurse, akiwa na Kawhi Leonard aliyeletwa na Ujiri huyo huyo, akabeba ubingwa wa 2019. Mwaka 2020 Nurse naye akapewa Kocha Bora. Na mwaka 2023? Akafukuzwa na Raptors hao hao. Tutarudi hapo.

Kura zinapigwa lini na nani anapiga

Hapa ndipo wengi tunachanganya. Tuzo hii haipigiwi kura na mashabiki, wala wachezaji. Wanapiga waandishi na watangazaji wa michezo wanaoifuatilia ligi. Kila mmoja anataja makocha watatu: wa kwanza anapata alama 5, wa pili 3, wa tatu 1. Na kura zinapigwa msimu wa kawaida wa mechi 82 ukiisha, kabla ya mtoano kuanza. Matokeo ndiyo yanakuja kutangazwa baadaye sana.

Kwa hiyo waliompa Casey kura hawakuwa wameona ile 4-0. Waliona ushindi 59 tu. Bosi wa klabu yeye aliona vyote viwili, na kwake hiyo 4-0 ilikuwa na uzito kuliko hizo 59.

Ukielewa hilo unaelewa kitu kingine: tangu tuzo ianze msimu wa 1962-63, alipoichukua Harry Gallatin wa St. Louis Hawks, mpaka msimu wa 2024-25, ni mara 6 tu Kocha Bora na bingwa wa ligi wamekuwa mtu mmoja katika msimu uleule. Red Auerbach 1965, Red Holzman 1970, Bill Sharman 1972, Phil Jackson 1996, na Gregg Popovich mara mbili, 2003 na 2014. Zaidi ya miaka 60, mara 6!

Na huyo Red Auerbach ndiye ambaye kombe la tuzo limepewa jina lake. Alibeba ubingwa mara 9 akiwa kocha wa Boston Celtics. Kocha Bora alipata mara ngapi? Moja. Phil Jackson, mzee wa pete 11, naye mara moja tu. Chuck Daly aliyebeba ubingwa mara mbili mfululizo na Detroit, 1989 na 1990, hajawahi kuipata. Bill Russell, kocha wa kwanza mweusi wa NBA, alibeba ubingwa 1968 na 1969 huku anacheza na kufundisha kwa pamoja. Hajawahi kuipata. Kocha wa kwanza mweusi kuipata alikuwa Ray Scott wa Detroit, mwaka 1974.

Sasa kama haiendi kwa bingwa, inaenda kwa nani?

Inaenda kwa aliyetushangaza

Twende 1967. Msimu ule Philadelphia 76ers ya Wilt Chamberlain chini ya kocha Alex Hannum ilishinda mechi 68 ikapoteza 13. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kufanya hivyo. Na ubingwa wakabeba. Kocha Bora? Johnny Kerr wa Chicago Bulls. Rekodi yake: ushindi 33, vipigo 48. Hujasoma vibaya. Alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, na mpaka leo ndiye peke yake aliyewahi kuipata kwa rekodi ya namna hiyo.

Kwa nini? Kwa sababu Bulls ndiyo kwanza ilikuwa imezaliwa. Ule ulikuwa msimu wake wa kwanza kabisa kwenye ligi, timu imeokotezwa wachezaji ambao klabu nyingine haziwahitaji, halafu Kerr akaifikisha mtoano. Watu walitegemea aibu, yeye akawapa heshima.

Ruka mpaka mwaka 2000. Phil Jackson kaenda Los Angeles, mwaka wake wa kwanza na Shaq na Kobe, ushindi 67, vipigo 15, halafu ubingwa. Kocha Bora akawa Doc Rivers wa Orlando Magic: ushindi 41, vipigo 41, na mtoano hakufika! Lakini Orlando ile ilikuwa imevunjwa, wachezaji wengi hawana majina, wachambuzi wameshaizika kabla msimu haujaanza. Rivers, ndio kwanza anaanza ukocha, akawafanya wapambane usiku hadi usiku.

Umeona mchezo ulivyo? Ni kama kule shuleni. Yule anayepata asilimia 90 kila muhula hapigiwi makofi. Anayepigiwa makofi ni aliyetoka 30 akafika 60.

Ushahidi mzuri zaidi ni Pat Riley. Miaka ya 80 alibeba ubingwa mara 4 na Lakers: 1982, 1985, 1987, 1988. Kocha Bora hakupata hata mara moja kati ya hizo. Watu walisema, ana Magic Johnson, ana Kareem Abdul-Jabbar, hata shangazi yangu angeshinda. Mwaka 1989 Kareem akastaafu. Msimu uliofuata Riley akashinda mechi 63 bila Kareem, na hapo ndipo wakampa tuzo, 1990. Mtoano wenyewe alitolewa raundi ya pili na Phoenix, akaachia ngazi. Ni mtu yuleyule na ubongo uleule. Kilichobadilika ni matarajio yetu sisi.

Tuzo hii, tuseme ukweli, inapima umbali kati ya tulichotabiri na kilichotokea. Tukikosea kutabiri, kocha anapata kombe. Ndiyo maana mwenzangu mmoja ninayebishana naye kila mwaka anaiita tuzo ya "samahani kocha, tulikudharau".

Halafu mwaka wa pili wanaanza kudai

Hapa ndipo panapouma. Ukishamshangaza mtu mara moja, mara ya pili hashangai. Ushindi 50 ulioleta shangwe mwaka jana, mwaka huu ni wajibu. Ukishinda 50 tena wanakuuliza, "Mbona hatusogei?"

Muulize Rick Carlisle. Alichukua Kocha Bora mwaka 2002 na Detroit, ushindi 50. Mwaka 2003 akashinda 50 tena, akafika fainali ya Kanda ya Mashariki, akafukuzwa. Nafasi yake akapewa Larry Brown, na 2004 Detroit ikawa bingwa. Umeona inavyofanana na ya Casey na Nurse? Na dunia ilivyo ndogo, Carlisle alipokuja kubeba ubingwa wake na Dallas mwaka 2011, mmoja wa wasaidizi wake pale benchi alikuwa huyo huyo Dwane Casey.

George Karl 2013: Denver, ushindi 57, Kocha Bora, mwezi uliofuata kafukuzwa. Timu ile ilikuwa imejengwa na Masai Ujiri, ambaye siku chache kabla alikuwa ameondoka kwenda Toronto.

Angalia washindi wanne wa kuanzia 2006 hadi 2009: Avery Johnson wa Dallas, Sam Mitchell wa Toronto, Byron Scott wa New Orleans, Mike Brown wa Cleveland. Wote wanne walikuwa wametimuliwa ndani ya kama miaka miwili tangu wapewe kombe. Aliyefuata, Scott Brooks wa Oklahoma City mwaka 2010, yule aliyekuja kumnoa Hasheem Thabeet wetu miaka miwili baadaye, alidumu mpaka 2015, naye akaonyeshwa mlango.

Mnasema hayo ya zamani? Haya, chukueni kuanzia 2018 hadi 2023. Casey, Mike Budenholzer, Nick Nurse, Tom Thibodeau, Monty Williams, Mike Brown. Washindi sita mfululizo. Wote sita wamefukuzwa na klabu zilezile walizoshinda nazo. Budenholzer hata ubingwa aliwapa Milwaukee mwaka 2021, na bado 2023 wakamfungashia virago. Mike Brown mwaka 2023 alikuwa kocha wa kwanza katika historia kupata kura zote za nafasi ya kwanza, 100 kwa 100, kwa kuirudisha Sacramento mtoano baada ya miaka 16 ya ukame. Desemba 27, 2024 akafukuzwa katikati ya msimu. Thibodeau aliifikisha New York fainali ya Kanda ya Mashariki mwaka 2025, wiki hiyo hiyo ya kutolewa akaambiwa asante. Na unajua nani alichukua kiti chake? Mike Brown.

Najua mtasema wapo waliodumu. Kweli. Popovich alikaa San Antonio mpaka 2025 akaondoka mwenyewe na ushindi 1,422, namba ambayo hakuna kocha mwingine aliyeifikia. Steve Kerr alipewa 2016 na akaendelea kula bata Golden State miaka na miaka. Lakini hao walikuwa na pete mkononi. Asiye na pete, tuzo hii haimkingi na mvua.

Na wale ambao kazi yao iliandikwa jina la mwingine

Kabla sijatoa hukumu yangu, kuna watu watatu lazima niwataje, maana bila wao ubishi huu unabaki wa namba tu.

Wa kwanza ni Jack McKinney. Mwaka 1979 ndiye aliyepewa Lakers, msimu wa kwanza wa Magic Johnson. Ndiye aliyepanga ule mtindo wa kukimbia. Mechi hazijafika hata 15, Novemba, akaanguka na baiskeli akienda kucheza tenisi, akaumia vibaya kichwani. Msaidizi wake, Paul Westhead, akashika timu, 1980 wakabeba ubingwa. McKinney alipopona, kiti kilikuwa na mtu. Akaenda Indiana, timu ambayo tangu iingie NBA haikuwa imeonja mtoano, akaifikisha, ushindi 44, na 1981 akapewa Kocha Bora. Westhead naye akafukuzwa Novemba 1981, na aliyeingia ndiye Pat Riley. Ile Lakers ya miaka ya 80 mnayoiona kwenye filamu na vipindi, msingi wake uliwekwa na mtu ambaye hakuifundisha hata miezi miwili.

Wa pili ni Luke Walton. Msimu wa 2015-16 Golden State walishinda mechi 73 wakapoteza 9, wakavunja rekodi ya Bulls ya 72-10 ambayo Kerr mwenyewe alikuwemo kama mchezaji. Kerr akawa Kocha Bora. Lakini mechi 43 za kwanza Kerr hakuwepo benchi, alikuwa anauguza mgongo baada ya upasuaji. Aliyekaa pale ni Walton: ushindi 39, vipigo 4, zikiwemo 24 mfululizo za kuanzia msimu. Kwa utaratibu wa ligi, ushindi wote ule umeandikwa kwa Kerr. Walton alipewa hata Kocha Bora wa Mwezi, huku rekodi yake rasmi inasomeka 0-0. Sijasema Kerr hakustahili, mfumo ule ni wake. Nasema tu hesabu za kocha si za kuaminiwa kama hesabu za mchezaji.

Wa tatu ndiye anayeniuma zaidi. Jerry Sloan. Alikuwa mchezaji kwenye ile Bulls changa ya 1967 iliyompa Johnny Kerr tuzo. Akaja kuwa kocha wa Utah Jazz kuanzia 1988 mpaka 2011. Ushindi 1,221 katika ukocha wake wote wa NBA. Fainali mbili, 1997 na 1998. Msimu wa 1997 alishinda mechi 64, tuzo ikaenda kwa Riley wa Miami aliyeshinda 61. Mwaka 1998 akashinda 62, ikaenda kwa Larry Bird, aliyeitoa Indiana ushindi 39 akaifikisha 58.

Halafu 2003 John Stockton akastaafu, Karl Malone akahama. Timu ikabaki mifupa. Kila mtu akasema Jazz itakuwa kituko. Sloan akashinda 42, akakosa mtoano kwa mechi moja tu. Kwa sheria ile ya mshangao, ule ulikuwa mwaka wake. Nani akachukua? Hubie Brown, mzee wa miaka 70, aliyeifikisha Memphis ushindi 50 na mtoano wa kwanza katika historia yake. Na huwezi kumlaumu aliyempigia Hubie. Sloan akawa wa pili. Alifariki 2020, tuzo hii hakuwahi kuishika. Hao ni miaka 23 kwenye benchi moja, na hakuna msimu hata mmoja ambao tulimwangalia tukasema, mwaka huu ni wewe.

Tatizo la tuzo ya mshangao ndilo hilo. Mtu anayefanya kazi vizuri kila siku hamshangazi yeyote. Angalia hata ofisini kwenu. Anayewahi kila siku hatajwi. Mchelewaji akiwahi siku moja, bosi anampongeza mbele za watu.

Sasa tuamue: 2025

Mtihani mzuri ni msimu wa 2024-25, kwa sababu una kila kitu.

Cleveland walimfukuza kocha J.B. Bickerstaff Mei 2024 baada ya ushindi 48. Akaingia Kenny Atkinson. Kikosi karibu kilekile. Wakaanza na 15-0, wakamaliza 64-18. Atkinson akawa Kocha Bora.

Bickerstaff naye akaenda Detroit. Ile Detroit ambayo Casey aliikuta, akashindwa kuinyanyua, akaiacha 2023 na ushindi 17. Akaja Monty Williams, Kocha Bora wa 2022, akafanya vibaya zaidi: ushindi 14, vipigo 68, vikiwemo 28 mfululizo. Bickerstaff akaichukua timu hiyo, mwaka mmoja, 44-38. Kutoka 14 hadi 44! Kwenye msimu wa mechi 82 hakuna timu iliyokuwa imewahi kuzidisha ushindi wake mara tatu namna hiyo. Mtoano wakatolewa na New York 4-2, lakini walishinda pale, na ile ilikuwa mara ya kwanza kwa Detroit kushinda mechi ya mtoano tangu 2008.

Pembeni kulikuwa na Ime Udoka wa Houston, ambaye baba yake ni Mnigeria, aliyeitoa timu 41 akaifikisha 52. Na kulikuwa na Mark Daigneault wa Oklahoma City: 68-14 na ubingwa juu yake. Hakuingia hata tatu bora, kwa sababu alipewa 2024 na kila mtu alishategemea. Kumbuka Alex Hannum, 68-13, mwaka 1967. Miaka 58 imepita, tuzo haijabadilika hata kidogo.

Upande wa Atkinson una hoja nzito, na sitaki kuidharau. Kwenye ukocha huwa hatuna jinsi ya kufanya jaribio kama la maabara, lakini hili lilikaribia: wachezaji walewale, kocha mwingine, ushindi 16 zaidi. Ukimuuliza mtu "kocha ana faida gani?" unamwonyesha huo msimu. Detroit wao walibadilisha watu. Waliletwa wakongwe kama Tobias Harris na Malik Beasley, na Cade Cunningham alikuwa amekomaa. Si kila kitu cha Bickerstaff.

Lakini mimi kura yangu ni ya Bickerstaff, na sababu yangu si hizo 44 peke yake. Ni kwamba hizo 64 za Cleveland, yeye yumo ndani yake. Msimu wa 2020-21 aliikuta na kuivumilia timu ya ushindi 22 tu. Akaipeleka 44. Akaipeleka 51. Wale vijana Atkinson aliowakuta wanajua kulinda lango la kikapu, walijifunzia kwa nani? Atkinson alijenga ghorofa zuri, sikatai. Ila msingi aliukuta umeshamwagwa zege, na fundi wa msingi alikuwa ameshafukuzwa, yuko mtaa wa pili anamwaga msingi mwingine. Ni stori ya McKinney imejirudia.

Kwa hiyo mimi nikipewa karatasi ya kura, nauliza maswali matatu. Aliikuta timu ikoje? Ukimtoa yeye ukamweka kocha wa kawaida, nini kinapungua? Na akiondoka, alichojenga kinabaki? Hilo la tatu hakuna anayeliuliza, kwa sababu jibu lake linakuja miaka miwili baadaye, wakati kombe limeshapata vumbi na mwenye kombe anatafuta kazi.

Kwa maswali hayo, Doc Rivers wa 2000 anabaki na tuzo yake, Johnny Kerr anabaki nayo. Phil Jackson hadai, ana pete hajui azivae wapi. Casey anabaki nayo, maana Toronto ya ubingwa wa 2019 ilikuwa na wachezaji kibao aliowalea yeye. Na Sloan ningempa mbili, 1997 na 2004. Hubie mniwie radhi.

Haya, zamu yako mdau. Atkinson au Bickerstaff? Au wewe ni wa "bingwa ndiye kocha bora, mengine kelele"? Dondosha jibu lako hapo chini, ila ukija na hoja ya "ana kikosi kizuri" ujue nitakuuliza kikosi hicho kilifanyaje mwaka uliotangulia, chini ya nani.